Makaratasi ya Fahali: Kutoka Gotu hadi Morisi

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na nyumbani kwetu ni Gotu, karibu na daraja la mto Ewaso Ng'iro. Wengi huandika hapa juu ya urafiki, nidhamu, au hasara za uvivu. Mimi nimeonelea nishike kalamu niwaeleze jambo lisilo na utamu mwingi, lakini ndilo linaloamua karo za wengi wetu zitalipwa au hazitalipwa. Jambo lenyewe ni makaratasi. Hasa hasa, ni makaratasi yanayotakiwa ili fahali aliyezaliwa katika boma la hapa Gotu akubaliwe kushuka melini katika nchi ya kisiwa iitwayo Morisi, ile ambayo redioni husikika ikiitwa Mauritius.

Najua wapo walioanza kupiga miayo. Subirini kidogo.

Likizo ya Aprili alikuja kwetu binamu yangu ambaye ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha kule Mombasa. Alibeba bahasha kubwa ya kaki, ndani yake mna nakala kuukuu za makaratasi ya shehena moja ya ng'ombe hai waliokwenda Port Louis, mji mkuu wa Morisi. Majina ya wenyewe yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Katika miaka ya 2000 na ya 2010 meli za namna hiyo zilitoka Mombasa, na baadhi ya ng'ombe waliopakiwa walikuwa wa huku kwetu kaskazini. Nilimwuliza, "Ng'ombe mmoja anahitaji karatasi ngapi?" Akacheka. Akasema, "Usiulize ngapi. Uliza ipi inatangulia." Kumbe jibu la swali hilo ndilo lenye siri yote, nami nitalifikia.

Kwanza tumjue mnunuzi. Morisi iko katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Ukubwa wa nchi nzima, pamoja na visiwa vyake vidogo, ni kama kilomita 2,040 za mraba. Kaunti yetu ya Isiolo ina zaidi ya kilomita 25,000 za mraba. Yaani ungezitia Morisi kumi na mbili ndani ya Isiolo na bado pangebaki pa kulishia mbuzi. Lakini tukihesabu vichwa vya watu mambo yanageuka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 Isiolo, ilhali Morisi ina zaidi ya watu 1,200,000. Kwa muda mrefu ardhi yake nzuri imepandwa miwa. Sasa hao watu wote walishie ng'ombe wapi? Ndiyo maana nyama nyingi huagizwa kutoka ng'ambo.

Mtu anaweza kuuliza: si waagize nyama iliyogandishwa, mambo yaishe? Huagiza pia. Lakini Morisi ina Waislamu wengi, na Idi ya kuchinja haitimizwi kwa nyama ya boksi. Lazima awepo mnyama mzima, mwenye miguu minne, asiye kilema wala mgonjwa. Basi kila mwaka Idi inapokaribia, kisiwa hutafuta ng'ombe hai. Wametoka Afrika Kusini, wametoka Rodrigues ambacho ni kisiwa kidogo cha nchi hiyo hiyo, na wametoka Kenya.

Pili tujue mnunuzi huyu anaogopa nini, kwa sababu karatasi zote ni watoto wa hofu hiyo.

Nchi ya kisiwa imezungukwa na maji. Ugonjwa wa mifugo hauwezi kutembea kwa miguu ukaingia kama unavyoweza kutoka Merti hadi Gotu. Ni lazima ubebwe. Basi kisiwa kinaweza kukaa miaka mingi bila ugonjwa fulani, na ng'ombe wake wakawa hawana kinga yoyote. Siku ugonjwa ukiingia, ni kama moto katika nyasi kavu. Karibu na mwaka 1902 ugonjwa uitwao surra uliingia Morisi pamoja na ng'ombe waliotoka Bara Hindi. Wafugaji wa ngamia hapa Isiolo wanaujua surra vizuri. Mnyama hukonda, akawa dhaifu, akafa. Kule Morisi uliua wanyama wa kukokota mikokoteni ya miwa kwa wingi hata mashamba ya sukari yakalazimika kutandaza reli ndogo za kubebea miwa. Fikiria: ng'ombe wagonjwa walioshuka bandarini wamebadilisha usafiri wa nchi nzima!

Karibu zaidi na sisi ni Komoro, ambako watu wanazungumza lugha zilizo dada wa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndigana kali, ule ugonjwa uletwao na kupe, iliingia kisiwa cha Ngazidja kwa ng'ombe waliotoka Tanzania. Halafu mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ikaonekana Komoro, muda mfupi baada ya mlipuko mkubwa wa 2006 na 2007 uliopiga Garissa na maeneo mengine ya Kenya. Wataalamu walipochunguza virusi waliona vinafanana sana na vya huku kwetu. Mifugo huvuka kwa majahazi, na si kila jahazi hubeba bahasha ya kaki.

Morisi yenyewe ilipata somo lingine mwaka 2016. Mwezi wa Julai ugonjwa wa miguu na midomo ulionekana Rodrigues. Mwezi wa Agosti ukawa umefika kisiwa kikubwa. Idi ya kuchinja mwaka huo ilikuwa Septemba, yaani watu walikuwa wameshaweka oda zao. Wanyama waliuawa ili kuzuia ugonjwa usienee, na wafugaji wadogo walilia. Huu ugonjwa sisi hapa tunauona kila mara. Tunangoja midomo ipone tunaendelea. Lakini kinachoitwa kawaida Gotu kinaitwa msiba kisiwani.

Wala visiwa si peke yao waliojifunza kwa machozi. Mwaka 1920 ng'ombe wa Bara Hindi waliokuwa wakipelekwa Brazili walipitia bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji, wakaacha sotoka nyuma yao. Ulaya ilitetemeka. Kwa sababu hiyo mwaka 1924 nchi kadhaa ziliunda shirika la afya ya wanyama lenye makao yake Paris. Shirika hilo hutoa kanuni na mifano ya vyeti vya afya ya mifugo, nazo nchi nyingi huzifuata hata leo. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imetoweka duniani mwaka 2011. Na mnajua mara ya mwisho ilithibitishwa wapi? Kwa nyati wa mbuga ya wanyama ya Meru, mwaka 2001, hapa hapa jirani yetu. Nilipomwambia babu alisema yeye hakuhitaji Paris kumwambia sotoka ni nini. Anakumbuka simulizi za baba yake.

Sasa turudi kwenye swali la binamu: ipi inatangulia?

Mimi nilidhani inaanza karatasi ya muuzaji. Unaanzia Gotu, unapata karatasi ya chifu, unakwenda Isiolo, unapata nyingine, mpaka Mombasa, mpaka ng'ambo. Sivyo. Karatasi ya kwanza kabisa hutoka Morisi kwenyewe. Mwagizaji, yaani yule tajiri anayetaka ng'ombe, huiomba idara ya mifugo ya nchi yake kibali cha kuingiza wanyama. Kibali hicho hakisemi tu "ndiyo, lete". Huja na masharti: wanyama watoke wapi, wasiwe wametoka sehemu yenye ugonjwa gani, wapimwe nini, wachanjwe nini na wasichanjwe nini, wakae karantini muda gani kabla ya kupanda meli. Kibali kina mwisho wake pia. Muda ukipita, shughuli inaanza upya.

Makaratasi mengine yote yanayofuata ni majibu ya kibali hicho. Binamu alisema mwanagenzi katika kazi yao hufundishwa kukisoma kibali kama mtihani: kila sharti ni swali, na kila swali lazima liwe na karatasi yake ya kulijibu, yenye tarehe na muhuri. Ukiacha swali moja, mtihani mzima umeanguka. Hakuna alama za huruma.

Shida ni kwamba maswali mengine lazima yajibiwe huku kwetu, na yajibiwe mapema. Tuchukue chanjo. Fahali akifika Mombasa hajachanjwa, huwezi kumpiga sindano asubuhi ukaandika kwamba alichanjwa miezi miwili iliyopita. (Wapo wanaojaribu. Vipimo vya damu havijui kusema uongo.) Au sharti la kutokuwapo ugonjwa katika sehemu alikotoka. Daktari wa mifugo wa serikali anaweza kuandika hivyo ikiwa tu anajua alikotoka. Kwa hiyo ushahidi unaanzia bomani, kwa mtu aliyeshika fimbo.

Karatasi za huku ni hizi. Kuna uthibitisho wa mwenye mali: chapa ya moto ubavuni na, kwa kawaida yetu, barua ya chifu kusema kwamba ng'ombe hawa kweli ni wa fulani. Mnajua wenyewe mambo ya wizi wa mifugo katika pande hizi, kwa hivyo sina haja ya kueleza zaidi. Kisha kuna kibali cha kusafirisha mifugo, ambacho watu wetu wanakiita pamiti. Hutolewa na daktari wa mifugo wa serikali, na huandikwa idadi ya wanyama, wanatoka wapi, wanakwenda wapi, na njia watakayopitia. Kabla ya kuitoa, daktari wa kule wanakokwenda huwa amesema kwamba hana pingamizi. Usiku mifugo hairuhusiwi kusafirishwa. Ndiyo sababu mnaona malori yamepangana kando ya barabara jioni, madereva wanakunywa chai, ng'ombe wanalia ndani. Wengine hudhani gari limeharibika. Halijaharibika, linangoja mapambazuko.

Baada ya hapo huja karantini. Hili neno wazee wa Isiolo walilijua zamani kuliko sisi. Ile ardhi kubwa inayoitwa LMD karibu na mji wa Isiolo ilikuwa ya idara ya serikali iliyoshughulikia soko la mifugo. Ng'ombe wa kaskazini walizuiliwa pale wapimwe homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kwenda kwenye mashamba ya nyanda za juu. Wazee wetu waliichukia, kwa sababu waliona ni kizuizi cha kuwalinda wenye mashamba, na sidhani walikosea. Lakini walifaidika pia: ng'ombe aliyetoka LMD alikuwa na jina zuri, na mnunuzi hakuuliza maswali mengi.

Kwa safari ya ng'ambo wanyama hukaa pamoja wiki kadhaa katika pahali palipokubaliwa, hawachanganyiki na wengine. Kila mmoja huvikwa hereni sikioni yenye namba yake. Wanatolewa damu, wanapimwa. Mmoja akionyesha ugonjwa, kundi zima linatiliwa shaka na siku zinaweza kuhesabiwa upya. Mwenye mali analipa majani, maji na wachungaji siku zote hizo, na Idi haimngojei mtu.

Wakifaulu, ndipo hutolewa karatasi iliyo malkia wa zote: cheti cha afya ya mifugo. Hiki hakitolewi na daktari yeyote mwenye kliniki. Hutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo ya taifa, iliyo na makao yake Kabete, Nairobi. Ndani yake serikali ya Kenya inaiambia serikali ya Morisi: wanyama hawa, wenye namba hizi za masikio, tumewaona, tumewapima, na masharti yenu wameyatimiza. Nilipoishika ile nakala nilihesabu namba za masikio zikijaza kurasa nzima. Binamu aliwahi kukesha usiku akilinganisha namba za cheti na za orodha ya karantini, moja baada ya nyingine, kwa sababu tarakimu moja ikigeuka, 6 ikawa 9, huyo ng'ombe hajulikani. Kwa Kiswahili cha forodhani, hayupo, hata akiwa amesimama mbele yako anacheua.

Hata nyasi za kula njiani zinaweza kuwa na maswali yake. Majani makavu yanaweza kubeba wadudu na mbegu za magugu, na kisiwa cha wakulima wa miwa hakitaki mgeni wa namna hiyo. Mambo ya afya ya mimea hapa Kenya ni ya KEPHIS, shirika lililoanzishwa mwaka 1996.

Bandarini Mombasa yapo makaratasi ambayo bidhaa yoyote ingehitaji, iwe ng'ombe au sabuni, kwa hivyo nitayapitia haraka. Ankara ya biashara husema bidhaa ni nini, ni ya nani, na bei ni ngapi. Hati ya shehena hutolewa na wenye meli. Ni risiti ya mzigo na pia ndiyo humpa mwenye kuishika haki ya kuudai kule mwisho. Kuna bima, na kuna tamko la forodha linalopelekwa kwa mamlaka ya ushuru. Siku hizi mengi ya haya hupita kwenye kompyuta. Singapore, nchi nyingine ya kisiwa, ilianza mwaka 1989 mtandao wa kutuma makaratasi yote ya biashara kupitia mlango mmoja. Morisi ikafuata na mtandao wake mwaka 1994. Kenya iliunda shirika la KenTrade kwa kazi hiyo mwaka 2011. Mtaona kwamba visiwa vilitangulia. Si ajabu, anayeishi kwa kuagiza kila kitu hawezi kustahimili foleni.

Karatasi moja ya bandarini nataka kuikalia kidogo, nayo ni cheti cha asili cha COMESA. Kenya na Morisi zote zilikuwamo katika nchi tisa zilizoanza eneo la biashara huria la COMESA tarehe 31 Oktoba 2000. Maana yake ni kwamba bidhaa iliyotoka nchi moja ya kundi hilo haitozwi ushuru wa forodha ikiingia nyingine, mradi ithibitishe kwamba imetoka huko kweli. Hapa Kenya cheti hutolewa na mamlaka ya ushuru, na nchi hupelekeana sahihi na mihuri ya maofisa wao ili cheti bandia kitambulikane. Kwa kiwanda cha sabuni, kuthibitisha asili ni hesabu ndefu ya malighafi. Kwa ng'ombe ni swali fupi: alizaliwa wapi, akakulia wapi? Ni fupi lakini si rahisi. Baadhi ya mafahali wanaopita soko la Isiolo wamevuka Moyale kutoka Uhabeshi. Cheti kinauliza alikozaliwa, hakiulizi alikonunuliwa. Mfanyabiashara aliyenunua sokoni kwa dalali, ambaye naye alinunua kwa dalali mwingine, atajibu nini? Ni mchungaji peke yake anayejua, na mchungaji hayupo Mombasa.

Kutoka Mombasa hadi Port Louis ni zaidi ya kilomita 2,500 za bahari, ukipita Komoro na ncha ya Madagaska. Meli ikifika, ng'ombe hawashuki tu. Maofisa wa mifugo wa Morisi huja na kibali kile cha kwanza mkononi, na kukilinganisha na cheti cha Kabete, kisha cheti na masikio ya ng'ombe. Ndipo duara linafunga. Hata baada ya kushuka huwekwa karantini nyingine huko huko. Nchini Kenya mfanyabiashara anatakiwa kuhifadhi kumbukumbu zake miaka 5. Fahali mwenyewe ameliwa siku ya Idi. Makaratasi yake bado yako kabatini.

Mtu wa kawaida wa Gotu atasema: haya yananihusu nini mimi? Sina meli, sina wakala, namuuzia anayekuja. Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu.

Mwaka jana baba mdogo alikuwa na mafahali watatu wa Kiborana, weupe, wenye nundu nzuri. Akaja mnunuzi aliyesema anakusanya ng'ombe wa kunenepeshwa Pwani. Akawapenda. Akataja 52,000 kwa kila mmoja. Kisha akauliza, "Mzee, hawa wamechanjwa lini?"

"Mwaka jana. Madaktari walipita hapa wakachanja wote."

"Karatasi iko wapi?"

Baba mdogo akanyosha fimbo kumwelekea fahali mkubwa. "Karatasi ndiyo hiyo, inakula majani. Umewahi kuona mgonjwa mwenye manyoya kama hayo?"

Tulicheka wote, mnunuzi pia alicheka. Lakini bei ikashuka hadi 45,000, na hapo hapo ikasimama. Alisema atalazimika kuwachanja upya kwa pesa zake. Fahali watatu, 21,000 zimeruka. Mnaojua bei ya chakula cha mchana shuleni mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Ng'ombe walikuwa wamechanjwa kweli, nilikuwapo nikashika kamba. Ila aliyechanja aliandika katika kitabu chake, akaondoka nacho, sisi tukabaki na vidonda vya sindano vilivyopona baada ya wiki.

Hapa ndipo ninapokuwa na maoni yangu, na mhariri anisamehe. Sikubaliani na wanaosema makaratasi ni njama ya ofisi ya kutusumbua. Mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 homa ya Bonde la Ufa iliua watu katika kaunti za Isiolo na Mandera. Watu, si ng'ombe peke yao. Anayetaka kujua mnyama ametoka wapi ana haki ya kuuliza, awe yuko Port Louis au yuko kwenye bucha ya Isiolo mjini. Lakini pia sikubaliani na mpango ambao chanjo inafika bomani na karatasi yake haifiki. Kuifuata Isiolo mjini ni nauli na ni siku nzima, na mfugaji ameacha wanyama na mtoto. Matokeo ni kwamba afya ya fahali hutengenezwa Gotu kwa jasho la miaka minne, na thamani ya kuithibitisha hiyo afya huchukuliwa na mtu aliyekaa naye wiki nne. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tuliuza kwa bei ya kutupa na hakuna aliyeuliza chanjo. Wakati kama huo karatasi haisaidii kitu, ng'ombe ni mifupa. Inasaidia wakati wa majani, mnunuzi anapokuwa na kuchagua.

Mtu anaweza kusema dawa ni kuchinja hapa hapa, tuuze nyama badala ya ng'ombe hai. Mjini Isiolo limejengwa jengo la kichinjio cha kisasa, ambalo lilichukua miaka mingi kujengwa mpaka likawa kichekesho cha madereva wa matatu. Nyama nayo ina bahasha yake: cheti cha ukaguzi, cheti cha halali, kipimo cha ubaridi njia nzima. Swali la alikotoka mnyama linabaki pale pale.

Tulichofanya nyumbani ni kidogo sana. Nilichukua daftari kubwa la jalada gumu, na mwalimu wetu wa somo la biashara akanisaidia kupiga mistari. Kila ng'ombe ana mstari wake: rangi, chapa, mama yake, mwaka aliozaliwa na mahali, tarehe ya chanjo, jina la chanjo, na namba iliyoandikwa kwenye chupa. Safari hii madaktari walipokuja kuchanja nilimwomba mmoja aweke sahihi na muhuri kwenye ukurasa. Alinitazama kwa mshangao, akauliza niko darasa gani, kisha akaweka. Daftari hilo si cheti cha afya, na hakuna meli itakayolikubali. Lakini daktari wa serikali akitaka kujaza pamiti ana pahali pa kutazama, na mnunuzi akiuliza "karatasi iko wapi", baba mdogo halazimiki tena kuonyesha kwa fimbo. Majirani wawili wameomba niwapigie mistari kama hiyo. Mmoja wao ana ngamia, kwa hivyo nimeongeza safu ya surra.

Zile nakala za binamu nimezikabidhi kwa mlezi wa chama, ziko katika kabati la vitabu vya Kiswahili, rafu ya chini, ndani ya bahasha ya kaki. Anayetaka kuziona aandike jina lake kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Tafadhali zisitiwe chai, binamu atazichukua Desemba.